Siku Wechuli Alipokosea Jina

Kwanza nikwambie ukweli: mimi sina subira na mtu anayenyamaza. Nikikukosea, nitukane. Ukiumwa, lia. Ukishiba, sema umeshiba. Nyumbani kwetu Murang'a tulikuwa watoto wengi, na aliyenyamaza alilala njaa. Sasa Mungu, kwa mambo yake, akanipa Wechuli.

Jina langu ni Mwihaki, lakini ukija hapa Nyalenda ukiuliza Mwihaki utazunguka mpaka soli ziishe. Uliza Mama Wachira wa vidio. Nilikuja Kisumu nikiwa msichana, nikauza mitumba, nikachoka na mitumba, na sasa nina kibanda cha mabati chenye mabenchi, televisheni pana na spika zinazosumbua majirani. Jumamosi ni mpira. Siku zingine ni muvi, na muvi zangu hazitafsiriwi na sauti ya kurekodiwa kutoka Nairobi. Zinatafsiriwa pale pale, kwa mdomo wa mtu aliye hai, na mtu huyo ni dijei wangu, Wechuli.

Ni mtu wa Bungoma, mrefu, shingo nyembamba, na sauti kubwa ambayo hujui inatoka wapi. Anakaa nyuma ya pazia kando ya televisheni, ana skrini yake ndogo na maikrofoni, na wateja hawamwoni, wanamsikia tu. Muvi iwe ya Wachina, ya Wahindi au ya Wamarekani, yeye hajali. Anaiangalia kwanza peke yake asubuhi, halafu alasiri anaigeuza iwe ya Kisumu. Bosi wa majambazi anaongea kama Mmaragoli mwenye haraka. Polisi anaongea kama askari wa kanjo aliyeona kibanda kisicho na leseni. Watu wanacheka mpaka mabenchi yanavunjika, na mabenchi ni yangu.

Lakini kwa majina, hapo ndipo Wechuli hana mpinzani. Hakuna mtu kwenye muvi zetu anayebaki na jina alilokuja nalo. Kila mmoja anapewa jina la mtu wa hapa, na kuna sheria. Anayefika mwisho akiwa hai hupewa jina la mtu aliye hai, mara nyingi mteja aliyekaa hapo mbele. Anayekufa hupewa jina la mtu aliyekwisha kufa. Wechuli aliniambia zamani kwamba hawezi kumuua mtu aliye hai hata kwa mchezo, mdomo wake ungemsuta. Basi watu wakaijua sheria hiyo kuliko wanavyojua Amri Kumi. Ukisikia mwanajeshi anaitwa Wakhisi, na Wakhisi wa bodaboda umemwacha hapo nje akila mahindi, unajua huyo hata apigwe mabomu atarudi kwa mama yake. Ukisikia anaitwa Fabian, na Fabian muuza maji tulishamzika, unajua huyo hafiki mbali.

Na hakuna anayeona vibaya. Familia zenyewe huja kuomba: "Dijei, tuwekee baba yetu, lakini afe vizuri." Wechuli anamtafutia baba yao shujaa, na siku hiyo watoto wa marehemu wanakaa mbele na soda zao. Baba akianguka wanapiga makofi huku wakilia. Mimi nilidhani ni wazimu. Halafu mwaka jana akamweka mama yangu, akawa mwalimu mzee katika muvi ya vita, akafa akiwafunika wanafunzi wake kwa mwili. Nililia mpaka nikasahau kukusanya chupa.

Mke wake alikuwa Rosa, Mluo wa Seme, mnene kidogo, mchuuzi wa samaki, mwenye mdomo. Huyo tulipatana. Yeye ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya Wechuli. "Anasema ana njaa." "Anasema umemkasirisha, Mama Wachira, lakini itaisha." Mtoto hawakupata. Walilia juu ya hilo miaka kadhaa, wakachoka kulia, wakanunua kochi.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, Rosa alienda Seme kwa mama yake, akapanda boti na wavuvi kwenda kuchukua samaki kisiwani, kama alivyofanya mara nyingi. Wakiwa katikati ya maji nyakoi ikashuka. Kama hujaishi na ziwa nikueleze: nyakoi ni ule upepo unaozunguka na kuvuta maji mpaka kwenye wingu, unaona mkonga mweusi unatembea juu ya ziwa. Watu wa ufuoni huifukuza kwa kelele. Wanapiga sufuria, madebe na mabati, wanapiga mayowe na miluzi, na wanaapa kwamba inasikia na kugeuka. Siku hiyo walipiga. Mama mzazi wa Rosa alikuwepo, alipiga sufuria mpaka ikatoboka. Nyakoi ilikwenda ilikotaka kwenda. Wavuvi waliokolewa wameshikilia mbao. Rosa hakuonekana, siku ile wala baadaye, si yeye, si hata kiatu chake.

Wechuli alikaa ufuoni akingoja, wiki zikapita. Halafu siku moja nikamkuta nyuma ya pazia anaunganisha nyaya za maikrofoni.

"Wewe! Unafanya nini hapa?"

"Si kuna muvi leo," akasema.

"Nenda nyumbani."

"Nyumbani kuna nini?"

Nikaenda jikoni nikamwekea chai.

Haya, kufanya kazi alifanya. Lakini sauti ilikuwa tupu. Mwizi na polisi wakawa na sauti moja, huwezi kujua nani anamkimbiza nani. Mchumba akiachwa, nyumba ikiwaka, mama akifiwa, Wechuli anasema vile vile, kama mtu anayesoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya unga. Majina aliendelea kuyatoa, sheria aliifuata, ila ladha hakuna. Wateja walimvumilia kwa sababu walimpenda Rosa. Wengine walianza kwenda kwa vidio ya kule juu, na mimi nikawa nawatukana wakipita.

Alikula nilichompa. Ukimpa chai isiyo na sukari anakunywa. Kuna siku nilimpa ugali uliolala, nione tu kama atasema kitu. Akala, akashukuru, akaosha sahani. Nikamfokea, "Lia basi, mwanaume! Vunja hata kitu!" Akayaangalia mabenchi yangu, akafikiria. "Nikipata nafasi, Mama Wachira," akasema. Ai! Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani.

Sasa mambo ya kaburi. Mama yake Rosa, Mama Dorca, alitaka kumzika mtoto wake. Kwa Waluo, mtu akipotelea ziwani na mwili usipatikane, hutafutwa yago, lile tunda refu, zito, la kijivu, likawekwa kwenye jeneza na kuzikwa badala yake, kwa maombi na nyimbo na kila kitu. Wabukusu wa kina Wechuli nao wana njia yao, wao huzika shina la mgomba. Wazee wa pande zote wakakutana, wakabishana kati ya yago na mgomba, maana wakwe hawawezi kukutana bila kubishana, wakaafikiana: yago itoke Seme kwa mama, kaburi liwe Bungoma kwa mume. Likabaki neno moja, la Wechuli mwenyewe. Mume asiposema mke wangu amekufa, nani atachimba kaburi bomani kwake? Na Wechuli alikuwa na jibu moja tu kwa kila aliyempigia: "Tutaona."

Mama Dorca akafunga safari akaja Kisumu.

Na hapa pia ujue jambo. Mkwe na mama mkwe, kwa Waluo na kwa Wabukusu, hawaangaliani usoni, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Ni heshima. Kwa hivyo mama wa watu, mgonjwa wa magoti, alikaa nje kwenye kiti changu akiangalia barabara, Wechuli akakaa ndani nyuma ya pazia lake, na nani alikuwa anatembea katikati kubeba maneno? Mimi, Mkikuyu wa Murang'a, mwenye viazi jikoni.

"Mwambie sijakuja kugombana," Mama Dorca akasema. "Mwambie mtoto wangu hana pa kulala. Watu wote wana pa kulala, hata wezi. Mvua ikinyesha usiku naamka, nafikiria Rosa analowa."

Nikaenda nikasema. Wechuli alikuwa anafuta maikrofoni kwa kitambaa.

"Nimesikia," akasema.

"Na?"

"Nimesikia, Mama Wachira."

Nikarudi nje. "Amesikia," nikamwambia mama, nikiona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyekataa.

Mama Dorca alisugua goti lake kwa muda. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. "Mwambie Rosa hakuacha mtoto," akasema. "Mimi nikifa, na yeye akifa, nani atajua kwamba Rosa alikuwepo? Ni hilo kaburi tu. Mwambie daktari pale Kombewa amesema moyo wangu umechoka, na mimi sitaki kwenda kabla sijamlaza mtoto."

Nilirudi ndani nikayasema yote, na nikaongeza yangu ambayo sitayarudia hapa. Niliona tu kidole cha Wechuli kikifuata waya mezani, kinakwenda na kurudi.

"Mwambie aje Jumapili kwenye muvi," akasema mwishowe. "Nitamjibu hapo."

"Muvi! Mama amekuja kwa mambo ya kaburi, wewe unamwalika muvi?"

"Mwambie tu."

Nikamwambia. Nilidhani atanitupia kiti. Lakini Rosa alikuwa amemsimulia mama yake habari za muvi zetu, sheria ya majina na yote, na yule mzee alielewa kabla yangu. "Sawa," akasema. "Nitakuja."

Jumamosi nikaona kwenye ubao wa nje Wechuli ameandika ni muvi gani, nikahisi damu inanipanda kichwani. Ilikuwa ile ya wanasayansi wa Marekani wanaokimbiza visulisuli. Vijana wa bodaboda walikuwa wameiomba tangu Krismasi, na baada ya mambo ya Rosa niliwaambia imeharibika, kumbe flashi yake nilikuwa nimeificha kwenye kopo la chumvi. Aliitoa saa ngapi, sijui.

"Wechuli, hiyo hapana."

"Watu wameiomba."

"Kwani wewe ni jiwe?"

"Nimeshaiangalia," akasema. "Naijua mpaka mwisho."

Jumapili baada ya kanisa kibanda kilijaa mpaka wengine wakakaa chini. Habari zilikuwa zimetembea. Gichuki wa duka alifunga duka, mtu asiyefunga hata siku ya uchaguzi. Mama Dorca nilimweka benchi la nyuma karibu na mlango, ambako upepo unaingia, nikamwekea mto. Pazia lilikuwa limeshuka vizuri, kwa hivyo heshima ilikuwa mahali pake. Nikazima taa.

Muvi ikaanza na nyanda, mahindi mpaka macho yanachoka, na gari kuukuu linakimbia. Ndani yake kuna mzee mwenye kofia. "Huyu ni Profesa Gichuki," Wechuli akasema kwa ile sauti ya pakiti ya unga, na Gichuki wa duka akapunga mkono, watu wakacheka. Dereva kijana akawa Wakhisi. Kukawa na mtu wa redio, mzembe mzembe, akaitwa Fabian, na watu wakasikitika mapema. Halafu gari likasimama, akashuka mwanamke mwenye nywele fupi, mkubwa wao wote, akaokota udongo, akaunusa, akaangalia mawingu.

Spika zikawa zinanguruma tu.

"Na huyu," Wechuli akasema, "anaitwa Rosa."

Usiniulize kibanda kilikuwaje. Kila mtu alijua jibu la kaburi liko ndani ya muvi, ila hatujaambiwa bado. Huyo mwanamke akifa kwenye muvi, Wechuli amekubali. Akifika mwisho mzima, Wechuli amekataa, na Mama Dorca arudi Seme na yago yake abaki kuiangalia. Na mimi, mwenye vidio, mwenye flashi, sikuwa nimeiangalia hata mara moja.

Basi tukaangalia. Jamani, Wamarekani! Watu wamesoma, wana digrii, wanaona upepo unameza nyumba na ng'ombe, wanaingia gari wanaufuata! Sisi huku mwenye akili hukimbilia upande wa pili. Wana kandege ka mashine wanataka kukarusha ndani ya kisulisuli, kakawaambie kinavyozaliwa, ili siku nyingine watu waonywe mapema. Mara ya kwanza kakaanguka. Mara ya pili kisulisuli kikageuka, kikamchukua yule wa redio. "Pole, Fabian," wakasema watu, na mjane wa Fabian akainua soda yake. Wakati wote huo Rosa wa kwenye muvi yuko mbele, anapiga kelele, anakimbia, anaendesha, na kila alipokaribia upepo nilisikia Mama Dorca nyuma yangu anavuta pumzi.

Halafu kikaja kile kikubwa. Kilijaza televisheni yote, cheusi, kinakuja kwenye mji mdogo wenye kanisa, na watu wamejificha chini ya kanisa, na Rosa anarudi kuwachukua. Wenzake wanamwita. Hasikii.

Sijui nani alianza. Nadhani ni vijana wa bodaboda, kwa mzaha. Mmoja akapiga bati kwa ngumi, mwingine akapiga mluzi, kama mtu anavyofanya ufuoni nyakoi ikionekana. Wakacheka. Halafu kicheko kikaisha na kupiga kukabaki. Watu wazima wakaanza kupiga mabenchi. Mama mmoja akagonga chupa kwa chupa. Mayowe yakatoka. Nikageuka nipige kelele juu ya mabati yangu, ndipo nikamwona Mama Dorca amesimama kwa magoti yale mabaya, amevua kiatu, anapiga ukuta kwa kiatu, na macho hayatoki kwenye televisheni. Alipiga kwa nguvu zake zote. Nikachukua sinia la chai nikapiga na mimi.

Kanisa likaanguka. Skrini ikawa vumbi tupu. Kelele zikafa moja moja.

Halafu vumbi likatulia, na chini ya mbao ukaonekana mkono. Ukasogea. Mwanamke akajiinua, damu usoni, akakohoa, akasimama. Yule profesa akamkimbilia akilia.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazamana. Rosa amefika mwisho mzima, kwa hivyo jibu ni hapana. Nikamsikia Mama Dorca akitafuta kiatu chake sakafuni kwa mguu. Akakipata, akakivaa, akachukua mkoba wake. Hakulia. Alikuwa ameshachoka tu. Mimi nilitaka kurarua lile pazia nimtoe yule mtu kwa shingo yake nyembamba.

"Ngojeni," spika zikasema.

Mama Dorca akasimama mlangoni.

"Nimekosea jina," Wechuli akasema. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kukosea jina. "Huyu mama si Rosa. Muvi hii niliiangalia mara nyingi, nikaona huyu anainuka, nikasema basi nitampa jina la Rosa, na Mama atajua kwamba mimi siziki mke. Lakini mwangalieni."

Tukaangalia. Kwenye televisheni yule mwanamke alikuwa ameomba simu ya mtu, anapiga, anangoja, anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Anampigia mume wake," Wechuli akasema, sauti ile ile, bila kupanda, bila kushuka. "Amevunjika mbavu na bado anapiga simu. Rosa angekuwa mzima angenipigia. Kama hana simu angeomba. Kama mtu angekataa wangepigana. Namba yangu anaijua kwa kichwa, ni ya kwangu tu anayoijua. Mimi namjua Rosa."

Nikasikia kiti chake kikisogea nyuma ya pazia.

"Mama," akasema, na hapo hakunituma mimi wala mtu mwingine. "Rosa alikufa. Lete yago."

Kutoka mlangoni Mama Dorca akajibu, akiwa ameligeukia giza la nje ili asielekeze uso kwenye pazia. "Nimesikia, nyathina," akasema. Mtoto wangu, alimwita.

Unadhani Wechuli alitoka? Unadhani alilia? Alisema, "Muvi inaendelea," na muvi ikaendelea. Aliitafsiri mpaka neno la mwisho, na yule mwanamke hakumpa jina lingine. Alimwita "huyu mama" mpaka taa zikawaka. Watu walitoka bila kelele, wakipita kando ya pazia mmoja mmoja. Hakuna aliyelifungua.

Tukaenda Bungoma wiki iliyofuata. Yago ilitoka Seme imefungwa kwa shuka jeupe la Rosa, ikapanda gari na mama yake, na Mama Dorca aliishika mapajani njia yote ingawa kulikuwa na nafasi. Jeneza lilikuwa zuri. Wechuli alibeba viti, akapokea wageni, akaonyesha watu choo kiko wapi. Mchungaji alipomwomba aseme neno juu ya mke wake, mtu huyu ambaye mdomo wake ndio unaomlisha, alisimama akasema, "Asanteni kwa kuja," akakaa. Dada yake mkubwa, Nakhungu, akaniuliza kwa kunong'ona kama mdogo wake ni mzima kichwani. Nikamwambia sijui. Kweli nilikuwa sijui.

Wakaleta jeneza kando ya kaburi, wakalifungua mara ya mwisho ili mama amwage maji ya baraka. Ndipo mzee mmoja wa kwao akauliza, "Sasa kichwa ni kipi?"

Tukaangalia. Jeneza lilikuwa na upande wa kichwa, kaburi pia. Lakini ile yago, nani anajua? Ilikuwa na kikonyo upande mmoja na upande mwingine hakuna kitu. Mzee wa Seme akasema kikonyo ndicho kichwa, maana tunda hushikwa na mti kutoka huko. Mzee wa Bungoma akasema hapana, tunda huning'inia kichwa chini, kwa hivyo kikonyo ni miguu. Wakashikana maneno. Wengine wakaingilia, huyu anatoa mfano wa boga, yule anasema mgomba usingekuwa na shida hii. Mama Dorca amesimama na kikombe chake cha maji, hajui ayamwage wapi. Nilitaka ardhi inifunike. Nilitaka kuwapiga wote kwa koleo.

Wechuli akainuka kwenye kiti. Akapita katikati ya wazee bila kusema samahani, akapiga magoti, akaingiza mikono yote miwili kwenye jeneza. Akaizungusha yago pole pole, kikonyo kikaja upande wa kichwa. Akaitazama. Halafu akailaza ubavu, akaisogeza kidogo, akaielekeza upande wa kulia, alipokuwa yeye, akavuta shuka akaifunika mpaka juu.

"Hapendi kulala akiangalia ukuta," akasema. "Anasema anakosa pumzi."

Hakuna mzee aliyebisha. Akabaki pale amepiga magoti, mkono uko juu ya shuka, na mkono ukaanza kupigapiga lile shuka taratibu, kama anambembeleza mtu alale. Ndipo ile sauti yake kubwa ikatoka. Sikuwa nimeisikia tangu mvua zilipoanza. Ilitoka yote mara moja, mpaka ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Mama Dorca, upande wa pili wa kaburi, alimgeuzia mgongo kwa heshima kama inavyotakiwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi nililia hadharani na sikuona haya.

Mwanaume mwenye koleo akanisogelea, jua lilikuwa linakwenda, akaniuliza kama wanaweza kuanza. Nikamwambia angoje.